Mjamzito Anapotapika Hata Maji

Kichefuchefu cha mimba changa kimezoeleka mno majumbani mwetu, na mazoea hayo ndiyo yanayowaumiza baadhi ya kina mama. Kati ya wajawazito 10, kama 7 au 8 hupata kichefuchefu. Wengi wao hutapika kidogo, hutema mate, huchukia harufu ya kitunguu kinachokaangwa, kisha hali hutulia yenyewe. Lakini wapo wachache, hawazidi 3 au 4 katika kila 100, ambao mambo hayaishii hapo. Wanatapika chakula, wanatapika maji, wanatapika nyongo, na tumbo likishakuwa tupu linaendelea kujikamua bila kitu kutoka. Uzito unashuka wakati ambao ungepaswa kupanda. Huo ni ugonjwa kamili. Madaktari huuita haipaemesisi, una vipimo vyake na una dawa zake, na anayeugua anastahili kupelekwa hospitali.

Anachokipata kwanza, mara nyingi, ni maneno. Wifi atasema anadeka kwa sababu ni mimba ya kwanza. Jirani atasema mimba imemkataa mume, ndiyo maana akinusa jasho lake tu anakimbilia nje. Mama mkwe atakumbusha kwamba yeye alizaa saba na alishika jembe mpaka siku ya uchungu. Wengi wanaosema hivyo wanataka kumtia moyo. Lakini siku zinapita, na mwili usiobakiza maji haungoji mazungumzo yaishe.

Hata udaktari wenyewe uliwahi kukosea hapa. Kwa miaka mingi vitabu vilidai kwamba mwanamke anayetapika kupita kiasi anaikataa mimba yake kimoyomoyo. Utafiti uliochapishwa Desemba 2023 katika jarida la Nature, ukiwahusisha Marlena Fejzo wa Marekani na Stephen O'Rahilly wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ulionyesha kwamba chanzo kikubwa ni homoni iitwayo GDF15. Homoni hiyo hutengenezwa kwa wingi upande wa mtoto na kondo la nyuma, huingia kwenye damu ya mama, kisha hugusa sehemu ya ubongo inayoamsha kichefuchefu. Mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa na kiwango kidogo cha homoni hiyo ndiye huumia zaidi inapopanda ghafla. Ambaye mwili wake ulikwishaizoea huumwa kidogo. Fejzo aliingia kwenye utafiti huu baada ya yeye mwenyewe kuugua vibaya na kupoteza mimba mwaka 1999. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa ajikaze anamtaka aizuie homoni kwa utashi wake, jambo ambalo hakuna binadamu anayeliweza.

Utajuaje kwamba kichefuchefu kimevuka kiwango cha kawaida? Chukua daftari na kalamu, liweke karibu na kitanda. Kila jioni andika mambo matatu ya saa 24 zilizopita: kichefuchefu kilidumu masaa mangapi, umetapika mara ngapi, na tumbo limejikamua bila kutoa kitu mara ngapi. Ndiyo maswali matatu ambayo wataalamu hutumia kupima ukali wa hali hii. Ongeza la nne, umekojoa mara ngapi. Ukiweza, jipime uzito mara moja kwa wiki kwenye mzani uleule, hata kama ni wa duka la dawa la mtaani. Aliyekuwa na kilo 60 kabla ya mimba, akipungua kilo 3, amepoteza asilimia 5 ya uzito wake, na hicho ni kiwango ambacho daktari hatakiwi kukipuuza.

Daftari hilo lina kazi nyingine. Mgonjwa aliyedhoofika hukosa maneno akifika mbele ya daktari. Akiulizwa anasema tu "natapika sana," na kwa kuwa kila mjamzito anasema hivyo, anaandikiwa vidonge na kurudishwa nyumbani. Idadi iliyoandikwa haiwezi kupuuzwa kirahisi.

Zipo dalili zinazotaka uende kituoni siku hiyohiyo. Usiku na mchana mzima umepita na hakuna chakula wala maji yaliyokaa tumboni. Masaa manane yamepita bila mkojo, au unapata kidogo na wa rangi nzito. Ukisimama unaona kiza, moyo unakwenda mbio, midomo na ulimi vimekauka. Umetapika damu. Una homa, au tumbo linauma, au unasikia maumivu wakati wa kukojoa. Usingoje siku ya kliniki.

Hapa pana kikwazo ambacho hakisemwi vya kutosha. Ugonjwa huu huanza kati ya wiki ya 4 na ya 7, na hufikia kilele karibu na wiki ya 9. Ni kipindi kilekile ambacho wanawake wengi wa kwetu huificha mimba, wakihofia husuda au wakisubiri iwe kubwa ndipo waitangaze. Kadi ya kliniki hawajaikata. Matokeo yake, mwanamke anaumwa sana wakati ambao hakuna mhudumu anayejua kwamba ni mjamzito, na akienda dukani kununua dawa ya kutapika hasemi ana mimba. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12. Kwa anayetapika kupita kiasi hata hiyo 12 ni mbali. Nenda mara tu kipimo kinapoonyesha una mimba. Mhudumu ana wajibu wa kukutunzia siri, na ukweni wanaweza kuambiwa utakapotaka wewe.

Ukifika, anza na ukweli ulio kwenye daftari. Kwa mfano: "Shikamoo dokta. Mimba yangu ina wiki tisa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tangu jana asubuhi nimetapika mara kumi na moja, hata maji hayakai. Nimekojoa mara moja tu, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Kabla ya mimba nilikuwa na kilo sitini na mbili, leo hamsini na nane." Kama hali hairuhusu kuongea, dada yako au mume akusemee, na asome kama ulivyoandika. Asipunguze kwa aibu.

Vipimo vya msingi havihitaji hospitali kubwa. Nesi atapima uzito, presha na mapigo ya moyo. Utapewa kikopo cha mkojo. Atachovya kijiti chembamba chenye vipande vya rangi, atakitoa, atasubiri kidogo, kisha atalinganisha rangi na zile zilizochorwa ubavuni mwa chupa ya vijiti. Kipande kimoja huonyesha ketoni, dalili kwamba mwili umekosa chakula na sasa unachoma mafuta yake. Vingine huonyesha sukari, protini na dalili za maambukizi ya njia ya mkojo. Lakini ketoni zisipoonekana haina maana kwamba huumwi. Wataalamu wa Uingereza, katika mwongozo wao wa 2024, wamewataka madaktari wasipime ukali wa ugonjwa huu kwa ketoni peke yake. Ukiambiwa "mkojo uko safi, nenda nyumbani" wakati hata maji hayakai tumboni, omba kwa upole waangalie tena idadi ya matapishi na uzito wako.

Utapimwa pia malaria na wingi wa damu. Hili la malaria lina uzito wake, maana homa yenye kutapika katika ukanda wetu haiwezi kuachwa ikaitwa mimba tu. Hospitali itapima chumvichumvi za damu, hasa potasiamu, ambayo ikishuka sana huvuruga mapigo ya moyo. Ultrasaundi itaonyesha kama ni mapacha, au kama ni mimba zabibu, ambayo haina mtoto anayekua na inahitaji kuondolewa na kufuatiliwa. Hali zote mbili huongeza kutapika.

Kutapika kulikoanza baada ya wiki ya 10 au ya 11, kwa mwanamke aliyekuwa salama kabla ya hapo, kutafutiwe sababu nyingine. Na baada ya wiki ya 20, kutapika kunakokuja na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, au maumivu chini ya mbavu za kulia ni dharura. Inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachokaribia. Presha na protini ya mkojo vipimwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa dripu. Aliyeishiwa maji huwekewa maji ya chumvi mshipani, pamoja na potasiamu ikiwa imepungua. Katika vituo vingi watu wamezoea kuomba dripu ya sukari, kwa imani kwamba ndiyo yenye nguvu. Kwa mwanamke ambaye kwa wiki kadhaa hajala, sukari hiyo inaweza kuleta hatari isipotanguliwa na vitamini B1, iitwayo pia thiamini. Mwili huhitaji vitamini hiyo ili kuitumia sukari. Ikiwa akiba imekwisha na sukari ikamiminwa ghafla, ubongo unaweza kudhurika, na dalili zake ni kuchanganyikiwa, macho kuchezacheza au kuona vitu viwiliviwili, na kuyumba wakati wa kutembea. Madhara hayo huenda yasiondoke. Kwa hiyo liko swali moja ambalo mgonjwa au ndugu yake alibebe mpaka kitandani: "Dokta, ameshapewa vitamini B1?" Mtoa huduma anayejua kazi yake hatachukizwa nalo.

Kuhusu dawa, hofu ni kubwa, na ina historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 dawa iitwayo thalidomide iliuzwa Ulaya na kwingineko, pamoja na mambo mengine, kutuliza kichefuchefu cha wajawazito. Watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na ulemavu kabla haijaondolewa sokoni kuanzia 1961. Tangu hapo dunia iliogopa kila kidonge cha mjamzito, na hofu hiyo nayo ikawa na wahanga. Marekani ilikuwa na dawa nzuri ya mchanganyiko wa doksilamini na vitamini B6. Mtengenezaji aliiondoa mwaka 1983 kwa sababu ya kesi nyingi mahakamani, ingawa ushahidi haukuonyesha kwamba inadhuru watoto. Mchanganyiko huo uliruhusiwa tena nchini humo mwaka 2013. Kwa miaka 30 wanawake walitapika bila dawa ambayo ilikuwapo.

Dawa ambazo daktari huanza nazo ni zile zilizotumika kwa miaka mingi: doksilamini na vitamini B6 inapopatikana, promethazini, metoklopramidi. Zisipotosha huongezwa ondansetroni. Hii ya mwisho imeshukiwa kuongeza kidogo kupasuka kwa mdomo au kaakaa la mtoto ikitumiwa katika miezi mitatu ya kwanza, kutoka kama watoto 11 hadi 14 katika kila 10,000. Ni vyema ukaambiwa hivyo, ukapima na daktari wako hatari hiyo ndogo dhidi ya hatari ya kukaa bila chakula wala maji. Metoklopramidi kwa kawaida haitumiki zaidi ya siku 5 mfululizo. Shingo au taya ikikaza, au macho yakivutwa juu, iache na urudi kituoni upesi.

Dawa inywewe kwa saa zake, usingoje mpaka utapike. Ukiitapika kabla haijakaa, uliza kama ipo ya sindano au ya kuweka njia ya haja kubwa. Na usijinunulie dukani kwa kukisia.

Vidonge vya FEFO vinahitaji neno lake. Madini ya chuma yaliyomo huzidisha kichefuchefu kwa baadhi ya wanawake, nao huvitupa kimyakimya. Mwambie nesi badala ya kuvitupa. Anaweza kukupa foliki asidi peke yake kwa muda, kwa kuwa wiki za mwanzo ndizo mtoto anapoihitaji zaidi, na chuma kikarudi utakapotulia. Anayetumia ARV, dawa za kifafa, za kisukari au za kifua kikuu asikae nyumbani akizitapika. Arudi CTC, yaani kliniki ya ARV, au kwa daktari wake mapema, maana dozi inayotapikwa kila siku haimlindi yeye wala mtoto.

Nyumbani, kula kile kinachokaa tumboni. Huu si wakati wa kuhubiriwa mlo kamili. Kama kinachokaa ni muhogo wa kuchemsha na chumvi, au wali mkavu uliopoa, au biskuti kabla ya kuinuka kitandani, basi ndicho. Chakula kilichopoa hakina harufu kali. Kunywa kidogokidogo kwa kijiko, maji ya ORS yakiwemo, na ukiweza tafuna vipande vya barafu. Ukimaliza kutapika sukutua kwa maji, upige mswaki baadaye, kwani asidi ya tumbo huwa imelainisha meno. Tangawizi husaidia kichefuchefu chepesi. Kwa anayetapika hata maji haitoshi, na huenda ikamchoma kifua. Pemba na udongo mwingine wa kutafuna ni bora viachwe. Hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini, na udongo huo umekutwa na risasi na mayai ya minyoo.

Mume na wenzake wa nyumbani wana kazi ya mikono. Wapike mbali na dirisha lake, mkaa na mafuta ya kukaanga visimfikie. Manukato yasimame kwa wiki chache. Ndoo yake imwagwe na kuoshwa na mtu mwingine, maana harufu yake humrudisha kutapika. Asaidiwe kuinuka na kutembea kidogo kila anapoweza, kwa sababu kulala muda mrefu huku mwili umeishiwa maji huongeza uwezekano wa damu kuganda mishipani. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakatika ghafla, ni safari ya hospitali.

Anayehitaji kuhamishwa kutoka zahanati kwenda hospitali apate barua ya rufaa iliyoandikwa vipimo na dawa alizokwisha pewa, ili wasianze upya. Kwa Tanzania Bara, upo mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama kwa wajawazito na watoto wachanga. Namba ni 115, kupiga ni bure, na pasipo na gari la wagonjwa hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa ambaye nauli yake hulipwa na mfumo. Hifadhi namba hiyo kwenye simu ya kila aliyeko nyumbani.

Kwa walioajiriwa, omba cheti cha daktari, ile ED. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Siku hizo ni mbali na likizo ya uzazi, ambayo ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Usikubali kuambiwa kwamba unaanza kula likizo yako ya uzazi. Muuza genge na mama ntilie hawana sheria hiyo, na kwao msaada ni wa vikoba na wa ndugu. Waombe mapema, kabla mtaji haujaliwa wote na nauli za hospitali.

Lipo la moyoni. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa 2021, uliowauliza wanawake zaidi ya 5,000 waliopitia ugonjwa huu, ulikuta karibu 5 katika kila 100 waliitoa mimba waliyoitaka, na zaidi ya robo waliwahi kufikiria kujiua. Nimeyaandika haya kwa sababu wapo wanaosoma hapa wakiwa na fikra hizo na kudhani ni wao peke yao, au kwamba Mungu amewakasirikia. Mwambie nesi au daktari waziwazi: "Nafika mahali natamani nisiwepo." Hiyo nayo ni dalili ya kutibiwa, na sababu ya kulazwa. Ndugu akisikia maneno hayo asimwache peke yake usiku huo.

Kwa wengi kutapika hupungua kati ya wiki ya 16 na ya 20, ingawa wachache huendelea mpaka siku ya kujifungua. Mama akitibiwa na uzito wake ukarudi kupanda, mtoto kwa kawaida hukua vizuri. Asipoongezeka uzito wa kutosha, mtoto anaweza kuzaliwa mdogo au kabla ya wakati, na ndiyo maana kliniki itataka kumfuatilia kwa karibu hadi mwisho.

Uwezekano wa hali hii kurudi katika mimba nyingine ni mkubwa. Tunza kadi ya zamani na lile daftari, hasa ukurasa ulioandikwa dawa iliyokusaidia. Kabla ya kutafuta mimba nyingine ongea na daktari, rudisha uzito na wingi wa damu, anza foliki asidi, na mkubaliane kwamba dawa zitaanza mara kipimo kitakapoonyesha mimba au kichefuchefu cha kwanza kitakapogonga, pasipo kusubiri mwili uishiwe maji tena.